Thrasivulos Dimakis, Sauti ya Jiwe Namba Kumi na Saba

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Bwana Thrasivulos Dimakis, mlinzi wa ukumbi wa mawe ya makaburi katika makumbusho yetu ya Lithari, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike mambo machache mazuri juu yake. Nimekaa kwenye dawati la tiketi miaka ishirini na miwili, hatua nane kutoka ukumbi wake, kwa hiyo mazuri ninayo, na mengine pia ninayo.

Aliajiriwa mwaka 1988, kijana mwenye masharubu meusi na sare iliyompwaya. Kazi yake ilikuwa kuzuia wageni wasiguse mawe, na hakuwahi kumkaripia mtu. Alikohoa tu. Kikohozi cha Dimakis kimewahi kuondoa mikono ya darasa zima kwenye jiwe kwa mpigo mmoja. Jumapili alikuwa mwimbaji kanisani, na huko ndiko balaa lilikoanzia.

Mwaka 1997 alikuja profesa mmoja wa kike kutoka Denmark. Alitaka mgeni akibonyeza kitufe mbele ya jiwe namba kumi na saba, asikie shairi lililochongwa pale likisomwa kwa matamshi ya wahenga wenyewe. Sasa sisi Wagiriki tunasoma maandishi ya kale kwa matamshi yale yale tunayoagizia kahawa, na hatupendi kuambiwa na mgeni kwamba babu zetu walisema vingine. Profesa alimwomba kwanza mwalimu wa Kigiriki cha kale wa sekondari yetu. "Mimi nisome maneno ya babu zangu kama mtalii?" mwalimu akang'aka. "Mama, tafuta mwingine!" Jumapili iliyofuata profesa alimsikia Dimakis akivuta sauti na kuzikata kwa vipimo, akajua amempata mtu wake.

Kazi haikuwa ndogo. Tuna namna sita za kuandika sauti ambayo leo sote tunaitamka "i" tu, lakini wahenga walizitofautisha. "V" yetu kwao ilikuwa "b", kwa hiyo hata jina lake mwenyewe liligeuka Thrasibulos, na wahuni wa mgahawani hawajaliacha mpaka leo. Irabu ndefu zilivutwa, fupi zilikatwa, na sauti ilipanda na kushuka ndani ya neno moja. Alifanya mazoezi nyumbani miezi miwili. Mkewe, Bi Polikseni, alimfukuzia kwenye roshani, na jirani akamletea chai ya maua akidhani koo limemvimba.

Kitufe kilipozinduliwa, lalamiko la kwanza lilifika kabla ya saa sita mchana: mashine imeharibika. Fundi alikuja mara tatu, akabadilisha spika mara mbili. Mara ya nne aliandika kwenye daftari: "Mashine nzima. Mgonjwa ni msomaji." Na Jumapili moja ya Agosti Dimakis alipitiwa, akaimba "Bwana, utuhurumie" kwa matamshi ya kale. Padri Lefteris alichungulia kutoka madhabahuni. "Vulis, mwanangu, rudi karne hii," alisema, akimkatia jina kama tumwitavyo sote, "watu wana njaa!"

Vuli iliyopita utani uliisha. Mkurugenzi alipata barua isiyo na jina la mwandishi, yenye sahihi sitini na mbili za wageni na majirani, ikisema sauti ile inatuaibisha. Ikapangwa kamati ya watu watatu ije kutoka Athene mwezi Machi. Kama ingekubaliana na barua, sauti ya Dimakis ingefutwa, na mwigizaji wa huko angesoma upya kwa matamshi ya kila siku. Dimakis hakugombana na mtu. Alizidi tu kukipangusa kitufe, hata pale palipokwisha kung'aa. Mawe yote aliyoyalinda yalikuwa ya watu wengine. Sauti ile ndiyo iliyokuwa yake, na ilikuwa inataka kumtangulia kutoka mlangoni.

Siku yenyewe kitufe kilibonyezwa, na mwenyekiti wa kamati akakunja uso kama aliyeuma limau. Papo hapo akaingia Bi Stavrula, mama wa miaka themanini na sita kutoka Mani, ambaye huko kwao huitwa kwenye misiba kuongoza maombolezo. Alikuwa kwenye ziara ya parokia na alikuwa anatafuta choo. Akasimama ghafla.

"Nani kafariki?" aliuliza.

Nilimwambia ni Mirto, mtoto wa miaka tisa, na anayelia ni baba yake, karne ishirini na nne zilizopita.

"Na hamkuniita?" alisema. Akamwomba Dimakis abonyeze tena, akasikiliza mpaka mwisho. "Maneno siyaelewi yote, mwanangu. Lakini huyu analia. Nyie wengine mkisoma haya mawe, mnasoma gazeti."

Akaketi kwenye kiti cha Dimakis, akafumba macho, na kila mstari ulipoisha akaupokea kwa maombolezo ya kwao. Baba wa Mirto na Bi Stavrula walipokezana mpaka shairi likaisha, wala hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Mwenyekiti alivua miwani na hakuivaa tena. Sauti ya Dimakis inabaki. Waraka wa uamuzi ulitiwa sahihi siku hiyo hiyo.

Sasa yale mengine. Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na sahihi nilizikusanya mimi, hapa hapa dawatini. Nilikuwa nimeisikia sauti ile mara arobaini kwa siku na nilikuwa nimechoka. Kwa miaka yote hiyo, kila asubuhi, Dimakis ameniletea kuluri, ule mkate wa duara wenye ufuta, bado ya moto. Wiki iliyopita nilimwendea kuungama.

"Anthula," alisema, "mkurugenzi alinionyesha barua Oktoba. Mwandiko wako naujua. Si wewe unayetuandikia zamu?"

Oktoba! Na kuluri haikukosa hata asubuhi moja.

Asante, Bwana Dimakis, na unisamehe. Tunakutakia wewe na Bi Polikseni afya njema na miaka mingi ya raha. Jumatatu kuluri nitanunua mimi. Pita tu, utaikuta dawatini.

Anthula Rizu, dawati la tiketi