Kibao Kilichopulizwa kwa Mchanga

Mwaka wa hamsini na tatu, benchi la mbele ya hoteli ya Lea, pale Chanika, Handeni, lilikuwa na wenyewe. Upande wa barabarani alikaa Mwinjuma, aliyeitwa Gazeti kwa sababu habari yoyote ilimfikia kabla haijatokea. Katikati alikaa Habakuki, askari wa zamani aliyepigana na Wajapani kule Bama, yaani Burma, na jina la huko likamganda. Mwisho wa benchi, karibu na birika la kahawa, alikaa Mhina, fundi seremala, naye wakamwita Patasi. Milango yenye nakshi na vibao vyenye maandishi pale mjini, karibu vyote vilipita mikononi mwake. Ndiyo maana kibao kipya cha Lea kilimnyima raha.

Kililetwa na Yordani, mume wa Lea, aliyefanya kazi kwenye karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Mnyuzi na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Kiliandikwa HOTELI YA LEA. Herufi zilisimama juu ya ubao, laini, zimepakwa rangi nyekundu, na pembeni yake ubao ulikuwa umelika mistari mistari kama chini ya mto maji yakishapita. Mhina alikipapasa mara tatu akitafuta alama ya patasi, hakuona hata moja. Alipomwuliza Yordani amekichongaje, Yordani alijibu kwamba hakukichonga. Alikipuliza kwa mchanga.

Mhina aliona anachezewa. Jioni ileile akapita kwa Jumbe Mbwana, akamwambia, kwa sauti ya mtu asiyependa umbea, kwamba kazi ya namna ile hutoka Ulaya kwa meli, na kama imefika Chanika basi kuna Mzungu hana kibao chake.

— Na huko Ulaya wanamjuaje Lea? Jumbe akauliza.

— Hilo ni jina la kwenye Biblia, Jumbe. Akina Lea wamejaa huko.

Jumbe akasema atakuja mwenyewe Ijumaa, baada ya swala.

Alipokuja alipewa kiti, akapewa kahawa, akauliza kwa upole kibao kile kimetengenezwaje. Yordani akafungua kinywa, lakini Gazeti alikuwa ameshaanza. Yeye alisema ni kazi ya mchwa. Herufi hupakwa mafuta ya taa, kisha ubao hulazwa juu ya kichuguu usiku mmoja. Mchwa hula palipobaki, asubuhi wanafukuzwa kwa moshi. Alimjua mtu aliyemjua mwenye mchwa hao.

Bama akacheka. Kule vitani, alisema, aliona ubao kama ule umeota. Watu wa kule hugongelea herufi za chuma kwenye mti ungali mdogo, wanausubiri miaka arobaini, wakiupasua wanakuta jina limekua pamoja nao. Gazeti akamwuliza huyo Lea miaka arobaini iliyopita alijulikana na nani, maana hata mama yake alikuwa bado mwali. Bama akajibu kwamba ndiyo maana kazi hiyo ni ya watu wenye subira, na wanayo miti ya majina yote, mtu anachagua lake.

Jumbe aliweka kikombe chini na kumtazama Yordani. Naye akaeleza taratibu. Unachukua mpira wa ndani wa tairi la lori, unakata herufi, unazibandika kwenye ubao kwa gundi ya kuzibia pancha. Pale karakana ipo mashine ya upepo ya kusafishia kutu kwenye vyuma vya kusagia mkonge, inarusha mchanga mkavu kwa nguvu. Ukiuelekeza kwenye ubao, mchanga unakula mti, na chini ya mpira hauli. Ukibandua mpira, herufi zimesimama.

Benchi zima liliangua kicheko. Gazeti alisema sasa ndiyo amesikia uongo mkubwa, na Bama akaongeza kwamba hata Wajapani hawakuthubutu kuwadanganya hivyo. Mhina hakucheka. Alikuwa akimwangalia Lea, aliyesimama mlangoni ameshika kitambaa cha meza, haondoi macho kwa Jumbe.

Wakati huo alifika bibi mmoja mgeni, Bi Chausiku, mfinyanzi aliyeshuka kwenye basi la Korogwe na vyungu vyake vya kuuza. Aliamkiwa, akaketi kwenye kizingiti, akasikiliza. Kisha akauliza:

— Mwanangu, mti ni mgumu, mpira ni laini. Mbona huo mchanga ule kigumu uache kilaini?

Gazeti akasema ni kwa sababu ya mafuta. Bama akasema ni dawa iliyomo kwenye gundi. Mhina naye jibu lilimjia mdomoni, zuri kabisa, kabla hata hajalifikiri. Yordani akakuna kidevu.

— Sijui, bibi. Nauona ukigonga mpira unaruka, unarudi. Lakini kwa nini, sijui.

Mhina akamtazama Yordani. Alikaa kwenye benchi lile miaka sita, na neno hilo hakuwahi kulisikia likitamkwa pale, hata na yeye mwenyewe. Mwizi wa kibao, alijiambia, angekuwa na jibu.

Jumbe akamgeukia.

— Fundi, wewe ndiye unayejua mbao. Unasemaje?

— Nipe siku tano, Jumbe. Nikaone mwenyewe.

Jumbe akakubali, ila akasema wazi kwamba asipoona, Yordani atajieleza barazani.

Jumapili yeye na Yordani wakapanda basi hadi Korogwe, na kutoka hapo treni hadi Mnyuzi. Mhina alibeba ubao wake mwenyewe, wa mwangati wa kule milimani, asije akabadilishiwa. Herufi alizikata yeye, akazibandika yeye, jina lake. Kesho yake Mzungu wa karakana aliwaruhusu saa ya chakula. Yordani akamvika kofia ya turubai yenye kioo, akamkabidhi bomba, akafungulia upepo.

Bomba lilitaka kumtoka mikononi kama nyoka. Kisha likatulia, na mbele ya kioo Mhina akauona mti unalika. Nyama laini ya ubao ilitoka kwanza, mishipa migumu ikabaki imesimama, na kila mwaka ulioishi mti ule ukajitokeza mstari wake. Alikuwa amechonga mbao tangu ujana bila kujua kwamba zina sura hiyo ndani. Alipobandua mpira akakuta MHINA, pembe zake kali. Mchanga ulikuwa umemjaa masikioni, naye alicheka peke yake ndani ya turubai mpaka Yordani akadhani ameumia.

Jumatano alirudi, akamwonyesha Jumbe ubao, akampa habari yote. Jumbe akasema mambo yameisha. Kisha Mhina akaenda benchini, akawaeleza wenzake kama alivyoona, upepo, mchanga na mpira. Waliusikiliza ule ubao ukigongwa, wakaunusa. Gazeti akatikisa kichwa kwa huruma.

— Patasi tulimjua mtu wa kweli, alimwambia Bama. Siku tatu tu za Mnyuzi, tazama.

Walipoondoka, Mhina akabaki. Lea alitoka kukusanya vikombe, naye akasema haraka, kabla moyo haujarudi nyuma:

— Shemeji, aliyekwenda kwa Jumbe ni mimi.

Lea akaendelea kupanga vikombe kwenye sinia.

— Nilijua, Fundi. Wiki iliyopita yote ulikuwa ukipokea kahawa umeangalia chini.

Akainua birika, akalitikisa kusikia kama limebaki na kitu, akamimina kilichobaki, mashapo na yote, akampa. Mhina akakipokea kikombe akimtazama usoni, akanywa mpaka mwisho.