Godoro Lililofungwa Kamba

Wapendwa, mniruhusu nisome kwenye daftari langu. Nikiinua macho nikawaona wote, nitakaa chini. Vijana wa kwaya mnanijua: mimi ni yule wa mstari wa nyuma, hata salamu naitikia kwa kichwa.

Nilitaka uuguzi, tangu darasa la tano. Uuguzi, tena shule ya bweni, mbali na mtaa wetu wa Gikondo na kelele za magereji. Mama aliamini kuliko mimi. Kabla hata matokeo hayajatoka alininunulia sanduku, ndoo na godoro jipya. La zamani akampa jirani. Jipya tukalikunja, tukalifunga kamba, tukalisimamisha kwenye kona.

Matokeo yakatoka. Niliandika namba yangu ya mtihani kwenye simu ya mama, tukasubiri. Nimefaulu. Nimepangiwa ujenzi, shule ya kutwa, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani.

Mama akasema, "Soma tena, labda ni ya mtu mwingine."

Nikasoma tena. Jina lilikuwa langu.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilimkasirikia Mungu. Ila sikusema hivyo. Nilisema nina imani. Niliomba kuhamishwa, nikafunga siku tatu, na godoro nikakataa kulifungua, maana niliona nikilifungua nimekubali. Nikawa nalala kwenye mkeka, sakafuni, godoro limesimama pale linanitazama. Muhula mzima! Mnacheka? Chekeni, lakini mgongo wangu haukucheka.

Asubuhi nikipita na ovaroli, mafundi wa gereji wananipigia kelele, "Injinia wa karai! Leo unapandisha ghorofa ngapi?" Mdomoni sijibu. Kichwani nawajibu mpaka jioni. Nachanganya saruji huku mawazo yako kwa binamu yangu, aliyepata bweni na sayansi. Sasa hivi anafanya nini? Kwa nini yeye? Alama zangu si zilizidi zake?

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Tunajenga wawili wawili, alama ni moja. Mwenzangu ni msichana anayetoka Ndera, anaamka alfajiri na kupanda mabasi mawili ili afike. Alikwenda kukata matofali, mimi akaniachia kupanga na kupima kwa timazi kama ukuta umenyooka. Sikupima. Nilikuwa bwenini kwa binamu.

Mwalimu alikuja, akateremsha timazi, akautazama ukuta, akatutazama sisi. "Bomoeni. Mtarudia Jumamosi."

Mwenzangu akalia. Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Sha, rafiki yangu, kila siku nafanya kazi na ovaroli yako. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Nilikwenda kwa mama mmoja wa kundi la maombi. Yupo hapa, amenikataza nisimtaje. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwomba tufunge pamoja siku saba, nihamishwe.

"Ulipofunga, mwanangu, ulifunga nini?"

"Chakula, mama."

"Na hayo mawazo?"

Akaokota kokoto kwenye maharage, akaitupa.

"Tumbo umelinyima uji, kichwa umekiacha kinakula siku nzima. Kinakula bweni, kinakula binamu, kinakula mafundi wa gereji. Nenda ukafunge kichwa. Chakula kula."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilitaka maombi, nikapewa kazi. Lakini nikaanza. Wazo la bweni likija, sibishani nalo. Nasema, "Bwana, niko hapa," halafu nataja kilichoko mkononi mwangu. Mwiko. Tofali. Timazi. Siku ya kwanza nilishindwa hata kabla ya chai. Ya pili nililia chooni. Jamani, hakuna mwanga ulioshuka. Ilikuwa kama kufukuza mbuzi shambani: unamtoa huku, anaingia kule.

Jumamosi tulijenga upya. Kila safu nilipima mara mbili. Mwalimu aliteremsha timazi, akauzunguka ukuta, akaandika alama, akaenda kwa wengine. Mwenzangu akanigusa kwa kiwiko. "Leo umekuja."

Jioni ile nililifungua godoro. Fundo lilikuwa limekaza mpaka mama akaleta kisu. Nikamkataza, nikalifungua kwa meno. Mama akatandika shuka.

Namshukuru mama yangu, namshukuru mama wa maharage, na zaidi huyu mwenzangu, ambaye angeweza kuomba apewe mtu mwingine wa kujenga naye. Vijana mnaosubiri matokeo, ombeni. Hata mimi uuguzi bado nauomba. Lakini mkiwa mnasubiri, msimwachie mwenzenu ukuta.

Sijahamishwa. Wiki iliyopita binamu alituma picha, amevaa koti jeupe, na nilikasirika kutoka shuleni mpaka mlangoni kwetu. Nikafunga kichwa tena, nikafua. Ile kamba ya godoro sasa naanikia ovaroli.