Abu Hayel, Aliyeingilia Mazungumzo Mara Moja

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kumimina kahawa katika Jumba la Usuluhishi hapa Amman, Bwana Mithqal Nuwairan, ambaye sote tunamwita Abu Hayel, anastaafu rasmi Alhamisi, tarehe 30 Aprili.

Alikuja kutoka Karak akiwa na miaka ishirini na saba, dele la kahawa la marehemu baba yake likiwa kwapani. Tangu hapo amepita katikati ya wajumbe wa nchi zisizosalimiana, akisikia wanavyobishana kama taifa lina haki ya kuingia katika mambo ya taifa jingine. Wapo walioshikilia kwamba mpaka ni mpaka. Wapo waliouliza utakaaje kimya jirani akiwaua wanawe. Yeye alimimina, akaenda zake.

Kutoingilia ilikuwa kanuni yake, hata pale tulipomwomba aingilie. Balozi mmoja mgeni, asiyejua kwamba aliyetosheka hutikisa kikombe, alinyweshwa vikombe kumi na vinne mfululizo. Tulipomlaumu Abu Hayel, alijibu, "Jamani, hayo si mambo yake ya ndani? Mimi nani nimwingilie?"

Miaka tisa iliyopita aliivunja kanuni hiyo. Pande mbili zilizokuwa zikipigana katika nchi jirani zilikuja hapa, na taifa moja kubwa likataka kupeleka majeshi yake huko. Mji mmoja ulikuwa umezingirwa na wagonjwa walikuwa wakifa kwa kukosa dawa. Daktari Shibli, mjumbe wa mji huo, alipewa kahawa, akaiweka mezani bila kuinywa. Kwetu hiyo ina maana kwamba mgeni ana haja, na mwenyeji lazima amuulize. Lakini afisa itifaki mmoja mpya, aliyejaa vyeti vya ng'ambo, aliona kahawa imepoa, akakiondoa kikombe.

Kumwondolea mgeni kikombe ni kumwambia haja yake imekataliwa. Daktari akasimama, na wenzake wakachukua makoti yao.

Abu Hayel akamzibia njia kwa kikombe kingine. "Kaa, ndugu yangu. Huyu kijana hana adabu, ila hana ubaya." Kisha akawageukia wakubwa. "Tangu asubuhi mnagombana nani aingie kwake. Kuna aliyemuuliza anataka nini?"

Hakuna aliyemuuliza. Daktari alisema hataki askari wa mtu. Alitaka barabara ifunguliwe siku tatu, dawa ziingie na wagonjwa watoke. Mkurugenzi wetu aliwatazama wajumbe wa upande wa pili, nao wakakubali kwa kichwa. "Basi kunywa kahawa yako, Daktari," akasema. Wagonjwa mia mbili na kumi na moja walivuka. Suala la majeshi halikuisha siku ile, na bado linabishaniwa humu ndani.

Juma lililofuata Abu Hayel alipewa barua ya onyo kwa kuingilia mazungumzo yasiyomhusu. Barua hiyo niliiandika mimi, na kikombe nilikiondoa mimi. Niliogopa kufukuzwa, nikamtupia mzigo mtu aliyeniokoa. Hakunisema kwa yeyote, na nimeona haya miaka yote tisa.

Leo nimeiondoa barua hiyo katika faili lake, na mahali pake nimeweka maelezo ya kosa langu, kwa jina langu. Abu Hayel, asante kwa kuingilia. Nenda Karak ukapumzike na mkeo, Umm Hayel, Mungu akujalie afya na siku nyingi za heri.

Labib Qutub, Afisa Itifaki