Dada Aliyeomba Kiti Chake Kiondolewe

Ndugu, majirani, viongozi wetu wa dini na wa serikali, tunawashukuru kwa kusimama nasi. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyepaswa kusoma maneno haya, lakini amesema sauti haitamfikisha mwisho. Kwa hiyo nimesimama mimi, mdogo wa marehemu na kitinda mimba wa nyumba yetu. Mungu anitie nguvu.

Dada yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Mei 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana. Alikuwa mtoto wa pili wa baba yetu, fundi wa breki za mabehewa, na mama yetu, aliyefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ya stesheni. Nyumba ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati, na kuta zake zilibandikwa magazeti kuzuia vumbi. Mama alipenda kusema kwamba mtoto huyu alilia mara moja tu, akatazama kama kuna aliyemsikia, kisha akanyamaza. Alibatizwa mwaka huohuo katika kanisa dogo la reli, ambako baadaye aliimba sauti ya pili kwenye kwaya mpaka alipoolewa.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akafaulu kwenda shule ya wasichana ya bweni, na mwaka 1970 akaingia chuo cha ualimu. Likizo alizitumia kunifundisha mimi kusoma kwa yale magazeti ya ukutani. Nilianza na maneno yaliyokuwa karibu na kitanda, na kwa kuwa upande ule palibandikwa matangazo, neno la kwanza nililolijua duniani lilikuwa "mnada". Baba alidhani nitakuwa mfanyabiashara. Dada akamwambia, "Mwache kwanza afike dirishani, huko kuna habari za hali ya hewa."

Mwaka 1972 aliajiriwa kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya wasichana ya mjini. Baada ya muda alikabidhiwa kazi ambayo walimu wengi waliikimbia, ya kupanga ratiba ya shule nzima. Meza yake ilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu, na kila aliyeingia kwa pupa alimgonga kiwiko. Ukutani aliweka kadibodi kubwa, akawa anahamisha vipande vya karatasi za rangi, rangi moja kwa mwalimu mmoja. Wenzake wakamwita Mama Ratiba, na jina likamshika kuliko alilobatizwa. Mwaka mmoja alikosea mwenyewe. Walimu wawili wakajikuta darasa moja, kipindi kimoja, kila mmoja na chaki yake, kila mmoja akimsubiri mwenzake kwa heshima atoke. Kengele ikalia wasichana hawajaandika neno. Alikuwa akisimulia kisa hicho na kucheka mpaka anashika ubavu, kisha anasema, "Darasa lilikuwa na walimu wawili, na hakuna aliyefundisha."

Hapo shuleni ndipo alipokutana na shemeji yetu, fundi cherehani aliyeshona sare. Watu wa shule ile wanakumbuka kwamba fundi alirudi mara nyingi mno kupima sare zilizokwisha kupimwa. Mwalimu mkuu akamwita, akamwambia kama ana nia aiseme, kwa sababu wasichana wameshaanza kucheka. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1975, na Mungu akawajalia watoto watatu. Gauni la harusi alilishona bwana harusi mwenyewe, na dada hakuruhusiwa kuliona mpaka asubuhi ile. Lilimkaa kama lilizaliwa naye.

Mwaka 1985 alichaguliwa diwani, na mwaka 1990 mbunge. Mwezi Machi 1992 aliteuliwa kuwa Waziri wa Visima na Mabwawa. Nyumbani kwetu watu waliimba. Mkoa wetu haukuwahi kupata waziri, na kaka yetu mkubwa, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, aliamka asubuhi akakuta watu wa mtaa mzima wanamsalimia kwa majina yake mawili, kama mheshimiwa.

Wizara yenyewe ilikuwa imemegwa kutoka Wizara ya Maji mwaka uliotangulia. Zote mbili zilikaa ghorofa moja ya jengo moja, na katikati ya ukumbi paliwekwa ukuta wa mbao nyembamba. Waziri wa Maji alikaa upande wa pili wa mbao hizo, na dada alimwita Jirani. Barua ya dada kwenda kwa Jirani ilishuka masjala, ikapigwa mhuri, ikatoka nje ya jengo kwenda masjala kuu, ikarudi wiki iliyofuata kwa ngazi zilezile. Dada akazoea kugonga mbao. Jirani naye alijibu kwa kugonga, na mambo mengi ya maji ya nchi hii yalikwisha kwa njia hiyo.

Siku iliyobadilisha maisha yake ilikuwa mwezi Agosti 1993. Alikwenda kuzindua kisima katika kijiji cha mbali, na msafara mrefu wa magari, naibu wake, maofisa na waandishi. Dereva wake ndiye aliyeona kwanza bamba la saruji lenye jina la Jirani. Akageuka taratibu, akasema, "Mama, hapa tumeshafika kabla hatujafika." Wizara ya Maji ilikuwa imezindua kisima hichohicho mwezi uliotangulia, kwa utepe wake, hotuba yake na posho zake. Wanawake walikuwa wamesimama foleni na ndoo, lakini hakuna maji yaliyotoka. Bibi mmoja aliyekuwa mbele alimpokea dada kwa mikono miwili.

"Karibu mwanangu," alisema. "Mwenzako alishatukatia utepe. Wewe ukikata wako, ukate na kiu."

Pampu ilikuwa imeharibika siku chache baada ya uzinduzi wa kwanza. Maji walidhani matengenezo ni ya Visima, Visima walidhani ni ya Maji. Dada aliuliza kama kuna fundi katika msafara ule mzima. Hakukuwa na hata mmoja. Fundi wa baiskeli wa kijiji jirani ndiye aliyeitwa, akabadilisha mpira uliochakaa kwa kipande cha tairi, na maji yakatoka kabla utepe haujafunguliwa kwenye karatasi yake. Dada hakuukata. Njiani alicheka na dereva mpaka wakasimamisha gari.

Tangu hapo alijua anachotaka, na alijua kitamgharimu nini. Aliandika kwa mkono wake maombi kwa Rais, kwamba Wizara ya Visima na Mabwawa ifutwe, wahandisi na mafundi wake warudi Maji na mishahara yao, na nafasi ya waziri, ya naibu na ya katibu zifutwe kabisa. Ningependa lieleweke vizuri jambo hili, kwa sababu lilipotoshwa. Dada hakuwahi kusema mawaziri walipwe kidogo. Alisema walipwe vizuri, kwa mshahara mmoja unaojulikana na kila mtu kama nauli ya basi, wala si kwa posho juu ya posho. Alisema ameona kwa macho yake kwamba wizara isiyo na kazi ndiyo yenye vikao vingi, kwa kuwa kikao kina posho. Na alisema wawe wachache, kila mmoja na kazi ambayo akilala itaonekana.

Alituita nyumbani kwa kaka atuambie kabla hajapeleka. Kaka alisikiliza huku anazungusha kikombe.

"Watu wanauza mashamba wapate nafasi kama hiyo," alisema. "Wewe unairudisha kama sahani ya jirani."

"Kaka, sahani yenyewe ni tupu."

"Tupu kwako. Sisi huku ndiyo mara ya kwanza tumekaa mezani. Kila mkoa una wake pale. Ukiondoka wewe, wa kwetu ni nani?"

"Tumekaa wengi mpaka hatusikiani."

"Hata msiposikiana," kaka alisema, "wa kwetu awepo."

Kaka hakusema upuuzi, na dada hakumwona mpuuzi. Barabara yetu ilikuwa imeanza kupimwa kwa sababu yake, na watu wetu walikuwa wamesahaulika muda mrefu. Dada aliondoka pale akilia. Usiku huo shemeji naye aliuliza swali moja tu. Alikuwa amemaliza kushona mapazia ya nyumba ya serikali, yenye madirisha marefu kama ya kanisa, akauliza mapazia hayo atayapeleka wapi. Dada alisema hajui. Shemeji akachukua mkasi, akayageuza mashuka, na watoto wakalalia maua ya serikali mpaka walipomaliza shule.

Rais alimpokea mwezi Januari 1994. Alidhani amekuja kujiuzulu, akaanza kumbembeleza avumilie.

"Sijiuzulu, mzee," dada alimwambia. "Nikijiuzulu utamweka mwingine kwenye kiti. Naomba kiti chenyewe kiondoke."

Rais alimuuliza kama ana kazi nyingine ya kwenda. Akasema ana meza nyuma ya mlango.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Katika Baraza la Mawaziri wapo walioacha kumsalimia, maana ikiondoka wizara moja, kila mtu anaanza kuitazama ya kwake. Jirani mwenyewe aliacha kugonga mbao kwa muda, kisha jioni moja akagonga, akapita kwa mlango wa kawaida, akakaa, akasema amekuja kuomba radhi kwa kuwa alifurahi kwamba aliyejitolea ni dada, si yeye. Wizara ilifutwa tarehe 30 Juni 1994. Mafundi wakabomoa ukuta wa mbao asubuhi moja. Hakuna mhandisi aliyepoteza kazi, ila dereva alirudishwa kwenye kundi la madereva wa akiba, na hilo dada hakulifikiria kabla. Alizunguka naye ofisi kwa ofisi mpaka akapata lori la kuchimbia visima. Dereva yupo hapa leo.

Uchaguzi wa mwaka 1995 alishindwa, na alishindwa vibaya. Watu wetu walisema hawawezi kumtuma tena mtu anayerudisha vitu. Kaka hakumpigia kura na alimwambia hivyo uso kwa uso, kisha hawakuzungumza miaka kadhaa, isipokuwa misibani. Dada alirudi shuleni kwake, akapewa kadibodi yake, akaendelea mpaka alipostaafu mwaka 2006. Pensheni yake ya uwaziri aliipokea bila aibu. Alisema kaifanyia kazi, tena ile ambayo wengi hawaiwezi.

Mwaka 2001 serikali mpya iliirudisha wizara ile kwa jina refu zaidi. Hiyo ndiyo siku kaka alipompigia simu. "Umeona?" alimwambia. "Kiti chako kimerudi, na kimezaa. Kina manaibu wawili." Mimi nilikuwa nimekaa na dada. Nilidhani atavunjika moyo. Alicheka mpaka machozi, kisha akasema polepole, "Miaka saba hakikuwepo, kaka. Nitajie mtu mmoja aliyekosa maji kwa ajili hiyo." Kaka akamuuliza anakuja lini kula. Jumapili hiyo alikwenda.

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 2016. Alivumilia kwa sala na kwa mzaha. Kama waziri wa zamani alikuwa na haki ya chumba cha peke yake hospitalini, akakikubali, akisema kitanda kizuri hakina chama. Mwezi Septemba mwaka huu hali ilibadilika. Kaka, ambaye naye anatembelea fimbo, alikaa naye kila siku na kumsomea gazeti, na walikuwa wanabishana juu ya kila ukurasa mpaka muuguzi anawatenganisha. Alipokea sakramenti Jumatano jioni, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2019, alilala, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka yake na mimi mdogo wake, pamoja na mamia ya wanawake waliokaa madarasani kwake, kila kipindi na mwalimu mmoja.

Limebaki agizo lake la mwisho kuhusu siku ya leo, alilonipa akiwa na akili timamu. "Najua watakuja wengi," aliniambia. "Wote wapewe viti na maji ya kunywa. Atakayesema kwa niaba ya serikali awe mmoja." Tulimfikishia ofisa wa itifaki ujumbe huo, kwa sababu orodha aliyotuletea ilikuwa na mawaziri kumi na mmoja. Tukawaomba wachague wenyewe. Hadi karatasi hii inakwenda kuchapwa, walikuwa bado hawajakubaliana nani awe huyo mmoja. Tunawaomba radhi waheshimiwa wetu na tunawapenda. Familia imemwomba mzee aliyestaafu zamani na asiye na cheo chochote, yule aliyekaa upande wa pili wa mbao, aseme kwa niaba ya wote, na amekubali.

Dada, kazi uliyopewa umeimaliza, na nafasi uliyoiacha kwetu haigawanywi na mtu. Bwana akupokee, nawe upumzike katika amani yake. Amina.