Mlango wa Sentimita Hamsini na Nane

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Magoti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mwalimu wa shule ya msingi. Mdogo wake wa kike, anayewasomea maneno haya, hakumbuki siku ambayo sakafu ya nyumbani kwao haikuwa na nyumba za maboksi.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975. Hesabu alizimudu, insha zilimpiga chenga. Mwaka 1978 alipata cheti cha useremala, akaanza kujenga mandhari za jukwaani katika ukumbi wa maigizo.

Mwaka 1989 aliajiriwa na bustani ya burudani, akawa mbunifu wa maeneo yanayotokana na filamu zinazopendwa. Filamu huonyesha nyumba kwa mbele tu, lakini mgeni wa bustani huzunguka mpaka nyuma. Huko nyuma ndiko alikobuni yeye: jiko, kamba ya nguo, sufuria iliyoungua. Kila chumba alikikagua kwa kupiga magoti, akione kama mtoto anavyokiona. Jina lilitokea hapo.

Tarehe 15 Agosti 1992 alimwoa mshonaji wa mavazi wa bustani hiyohiyo, aliyekuwa amechoka kumtilia viraka suruali.

“Hivi nimeolewa na mwanamume au na viraka?” wifi alikuwa akiuliza.

“Viraka ndivyo vinavyotulisha, mama watoto,” alijibu.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ni Kijiji cha Watengeneza Saa, kilichofunguliwa tarehe 2 Desemba 2006. Watengeneza saa wa filamu kilikotoka kijiji hicho ni wafupi na wembamba, na mlango wa karakana yao aliupima kwenye picha mpaka akapata upana wa sentimita hamsini na nane. Hakukubali uzidi hata moja. Mwaka 2009 mama mmoja aliandika barua: binti yake wa miaka saba, anayetumia kiti cha magurudumu, alikaa nje akisikiliza wenzake wakicheka ndani. Kaka alijibu kwa mstari mmoja: “Mlango uko kama ulivyo kwenye filamu.” Hatuwezi kulificha hilo, na mwenyewe hakutaka lifichwe.

Alistaafu mwaka 2021 akiwa tayari anaugua kisukari. Februari 2022 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. “Goti wameniachia,” alituambia, kama mtu aliyeshinda kesi. Mwezi Agosti mkewe alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda kukiona kijiji chake. Kiti kikakwama mlangoni. Akasema, “Mchimba kisima huingia mwenyewe,” akalia.

Tangu siku hiyo hakuwa na haja nyingine ila kuupanua mlango ule. Wenye filamu waligoma: mlango usiguswe, wapenzi wa filamu wanaujua. Alichora kitandani mara kumi na moja, mpaka akapata njia. Saa kubwa ya kabati iliyo kando ya mlango ifunguke pamoja nao, ukifungwa picha ibaki ileile. Wakakubali. Barua ya yule mama alikuwa ameihifadhi, na kwa anwani iliyokuwamo tulimpata.

Mlango mpya ulikamilika tarehe 11 Mei 2023, wenye upana wa sentimita tisini na tano. Binti, sasa wa miaka ishirini na mmoja, aliingia wa kwanza. Siku mbili baadaye alikuja hospitalini, alikokuwa amelazwa Kaka. Kaka akamwomba radhi, kisha akashindwa kujizuia.

“Umeionaje karakana, mwanangu?”

“Nzuri, mzee. Ila chini ya meza hamkupaka rangi.”

Kaka alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Miaka yote ile ya kupiga magoti, na meza ilikuwa imempita! Alituagiza ipakwe. Alifariki dunia tarehe 17 Mei, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Jana mafundi wenzake walipiga magoti wakaipaka, na binti akaenda kuikagua. Amesema iko sawa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake, ambaye sitapata tena wa kunibishia. Kaka, pumzika kwa amani. Na hayo magoti nayo yapumzike.