Taa ya Mayai ya Mama Mkwe

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi tunayemwita Mkasi, na jana kahawa haikunyweka kwa amani kwa sababu ya mlio uliotoka ndani: ti-ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye baridi. Ulikuwa mlio wa sanduku la kutotolea vifaranga. Kuku wa mama mkwe wake alikufa akiwa analalia, mayai akakabidhiwa Mkasi, naye akaapa yataanguliwa yote. Sasa swichi ya taa inayoyapasha joto imeanza kutetemeka, nasi, mabingwa wa kila tusichokisomea, tukahamia ndani na birika letu la kahawa, tukaitisha kikao kando ya sanduku.

— Umeifanya nini? akauliza Shoti, fundi umeme wetu.

— Nimeibana tu. Zamani joto lilipanda weee, ndiyo taa izime; likashuka weee, ndiyo iwake. Nikasema nataka mstari mmoja. Chini yake waka, juu yake zima.

— Umeiua! Ikiwaka tu, joto limevuka, zima. Ikizima tu, limerudi, waka. Swichi itaungua kabla vifaranga hawajatoka.

— Lakini tazama kipimo cha joto kilivyotulia!

— Kimetulia kama mimi nyumbani, nikasema. Mke ananisukuma huku, mama ananisukuma kule, majirani wanasema nina msimamo.

— Joto linateleza juu ya mstari, akatangaza Bosi, mstaafu asiyewahi kuwa na mfanyakazi hata mmoja. Likitoka huku linarudishwa, likitoka kule linarudishwa. Litakwenda wapi? Linafuata mstari. Upeleke mstari sokoni, joto nalo sokoni!

— Mimi nimetembea nchi za watu, nikadakia. Kuna hoteli kipasha joto kililia hivihivi hadi asubuhi.

— Kikatengenezwaje?

— Sijui. Nililala na koti.

Mara Mkasi akasimama, kahawa ikamwagikia viatu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Mayai yangu hayajambo?

Mama mkwe akainama, akalitazama sanduku.

— Hebu niambieni. Hapa taa imewaka, au imezimwa?

Shoti akaitegea swichi sikio. Bosi akachungulia kikombe chake. Mimi, msafiri, nikakumbuka koti.

— Vyote viwili, mama, akanong'ona Mkasi.

— Sikuuliza hivyo.

Ti. Mlio ukakatika, sanduku likawa giza.

— Imezimwa, mama! akaruka Shoti. Furaha ya kupata jibu ikamtoka usoni papo hapo: swichi ilikuwa imeungua.

Akatimua mbio kufuata swichi nyingine, legelege, ile ya kupanda weee na kushuka weee. Mimi nikavua koti, nikalifunika sanduku. Mama mkwe akanyakua birika letu la kahawa, likiwa bado linafuka, akalisukumiza kando ya mayai.

— Na sisi tunywe nini? akauliza Bosi.

— Shhh! akasema Mkasi, sikio kwenye sanduku.

Yai moja lilikuwa linagonga kutoka ndani.