Picha mu Mufuko ya Rayon

Banki yetu iko pale barabara ya soko inakata njia ya treni, na kama ulishapita Kamina na mupira ya baiskeli ikatoboka, basi ulishaikalia. Ni mbao moja ya zamani ya reli, imelazwa juu ya mawe mawili. Hapo njo minyi Mwenze natengenezea makinga, baiskeli vile banaandika mu vitabu, na kwa sababu ya kazi hiyo bananiita Rayon, jina ya vile vyuma vyembamba vya gurudumu. Mama Mputu anaweka mbabula yake ya makala kwenye kivuli cha ukuta, anapika kahawa mu sufuria nyeusi, na sisi tunamaliza mambo yote ya Zaire kabla ya saa sita, ingawa Zaire yenyewe haijapata habari. Mardi ile, siku munaita jumanne, nilikuwa na karatasi mu mufuko ya shati, imekunjwa mara ine. Nyumbani, Marceline mama ya batoto wangu alikuwa ameshamuogesha mutoto wetu Mbombo, amemuvalisha viatu, ananingoja. Nilimuambia nakunywa kilauri moja tu ya kahawa, narudi. Sasa nilikuwa mu kilauri ya tatu.

Aliyeanza ni Tshimanga. Alikuwaka karani wa kuuzisha tikiti za treni mpaka bakamupumzisha, na tangu siku hiyo jina lake ni Radio-Trottoir, radio ya kando ya barabara. Habari ikianguka Kabongo asubuhi, yeye anaiokota hapa kabla ya bukari ya midi, ugali wa saa sita, na akiisha kuiokota anaitia mukia.

— Munamujua ile infirmière Salomé, muuguzi wa chumba cha nyuma ya kanisa, kwa paroisse? alisema. Anayesema anaponya batoto ba kichwa?

— Si kichwa, nilijibu. Anaangalia mawazo ya batoto. Benye kukataa kusema, benye kuogopa bila kuona kitu.

— Weye unajua namna gani, Rayon?

— Nasikia tu, kama bantu bote.

— Basi sikia na hii. Mutoto akiingia kwake, hamupimi damu. Hamuchomi sindano. Hamupatii hata kidonge. Anamupatia crayon ya kuchorea na karatasi, anamuambia: chora nyumba yenu.

Sisi bantu ba hapa tunaamini sindano. Infirmier mwenye kukuchoma mpaka unachechemea, huyo ni fundi. Infirmier mwenye kukuuliza maswali tu, huyo anaficha kitu.

Bokungu akaweka kilauri chini. Ni adjudant wa zamani wa base ya askari, alitoka Équateur kijana, akazeekea hapa, na Kiswahili yake ingali inatembea na bottes za askari. Tunamuita Komanda.

— Nyumba, alirudilia. Na nini tena?

— Na mulango. Na vitanda. Na bantu bote benye kulala ndani, mumoja mumoja.

— Hapo iko mambo.

— Minyi nilishajua, alisema Umba. Ni kodi.

Umba ni katekista. Anapita kwenye banki akienda kufundisha batoto ba komunyo, na kila mara batoto banamungoja sana.

— Kodi gani? aliuliza Mama Mputu.

— Ya nyumba. Muntu mukubwa ukimuuliza, atasema iko na nyasi juu. Lakini mutoto hajui kudanganya. Atachora mabati. Atachora chumba cha nyuma. Atachora hata bibi ya pili.

— Katekista, bibi ya pili imekuja namna gani mu hii mambo?

— Nasema kwa mufano.

— Mufano unaishi kartye gani?

Tukacheka. Umba akakunywa kahawa yake yote kwa mara moja, na ilikuwa moto. Lakini Komanda hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema. Sikilizeni vizuri. Mutoto wa sergent anachora nyumba yake. Pembeni ya nyumba iko hangar, nyumba ya kulalia ndege. Mutoto wa caporal anachora yake. Pembeni iko barabara ya avions, ya hizo ndege. Mutoto wa muntu wa munitions, wa kuchunga risasi, sitaki hata kusema. Unakusanya karatasi makumi mbili, unaziunganisha, base muzima iko mu mukono yako. Unatuma Angola, kule adui balitokeaka. Vita mbili zilishakuja hivi hivi. Hii ni ya tatu, inakuja na crayon.

— Komanda, nilisema, mutoto wa miaka sita anachora muntu mwenye vidole nane kwenye mukono moja. Adui atakuja kutafuta askari ya vidole nane?

— Njo code yenyewe, maandishi ya siri.

— Na nyumba inakuwa mudogo kuliko kuku.

— Code.

Hapo nikuambie kitu banki haikujua. Wao walijua Mbombo wangu aliendaka Kabongo kuishi na nyanya yake. Ni minyi niliwaambia hivyo, na Mungu anisamehe. Mbombo hakuenda fasi yoyote. Mwaka uliopita, wakati ya vita ya pili, avions zilikuwa zinashuka kwenye base mufululizo, na nyumba yetu iko njiani mwao, mabati ilikuwa inatetemeka mpaka sahani zinatembea. Minyi nilikuwa nimekimbilia musitu na kinga yangu, kwa sababu askari walikuwa wananyanganya makinga. Nilirudi siku ya tatu. Nikakuta mutoto yuko chini ya kitanda, na hasemi. Iko na miaka tisa. Mpaka leo, hata lori ikipita, anarudi chini ya kitanda. Tulimupeleka kwa kilumbu, yule mwenye kuona mambo ya pepo, akatoa jogoo mweupe na akasema ni wafu ba upande wa mama. Tulimupeleka kwenye maombi. Halafu nikachoka kuulizwa, nikasema iko Kabongo. Kuona haya ni kitu mubaya, inakufanya umuzike mutoto mwenye kupumua.

Mardi iliyopita, Marceline alimupeleka kwa Salomé bila kuniomba ruhusa. Mbombo akachora. Salomé hakubakia na picha, aliirudisha kwa mama yake, na nyuma aliandika: Baba akuje pia, mardi, mbele ya saa sita. Saa sita anafunga, anapanda treni kwenda kuangalia batoto ba vituo vingine. Njo ile karatasi ilikuwa mu mufuko yangu. Ningeitoa tu, code ya Komanda ingekufa palepale. Sikuitoa. Nilikuwa na haya, na tena, niseme kweli, nusu ya moyo wangu ilikuwa inamusikiliza Komanda na kusema: na kama ni hivyo?

— Anauliza hata jina, Umba aliongeza. Si jina la kwenye livret, kitabu cha serikali. Jina yenye mama anamuita mutoto nyumbani. Sasa batoto wengi nyumbani banawaita majina ya batizo, na Parti, chama cha serikali, ilikataza hayo majina, ni mwaka wa saba. Anayataka ya nini?

— Juu mutoto anaitikia jina yenye anaitwa, nilisema.

— Leo Rayon anamutetea sana.

— Simutetei. Napenda tu kukunywa kahawa bila vita ya tatu.

Radio-Trottoir alikuwa amengojea, vile anangojaka. Akasogea, akapunguza sauti. Akipunguza sauti, hata bantu ba ng'ambo ya reli banasogea.

— Nyinyi bote munatafuta mbali. Kodi, Angola. Munasahau kitu yenye nyanya zetu walituonyaka. Batumbula.

Mama Mputu akaacha kupepea mbabula. Hakuna muntu wa Katanga hakulala na hilo jina mu masikio akiwa mudogo. Batumbula walikuwaka wakati ya Babeleji, walikamata bantu giza ikiingia, wakawafungia fasi, wakawanenepesha kama nguruwe, na hakuna aliyerudi kusimulia. Sasa kama hakuna aliyerudi, nani alisimulia? Niliulizaka nyanya yangu hivyo, akanipiga kofi.

— Lakini Salomé si muzungu, Mama Mputu alisema. Ni mwana wa Kabongo. Mama yake namujua, anauzisha mihogo.

— Batumbula walikuwaka na bakapita, banyapara babo beusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Angalia kazi inavyotembea. Kwanza nyumba, ajue mulango. Pili vitanda, ajue nani analala wapi. Tatu jina, mutoto aitwe na atoke mwenyewe. Ine, na hii nimeipata kwa muntu wa kweli kabisa, anaandika: baba akuje pia.

Kahawa ikanipita njia ya hewa. Umba akanipiga mugongo.

— Juu ya nini baba? Komanda aliuliza.

— Baba ana nyama mingi.

Hakuna aliyecheka. Njo ubaya ya banki yetu: uongo ukikaa pale muda mrefu, bantu banausogelea, wanaupatia nafasi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Umba kwa sauti ya kanisa. Ni kumufukuza mbele ya siku ingine ya mardi.

— Katekista, hiyo mezali unaishika kichwa chini, Mama Mputu alisema. Inasema mugeni akikuja, mwenye nyumba anapona. Weye unaifukuzia mugeni.

— Inategemea ni mugeni gani.

Lokomotivu ya kupanga mabehewa ikapiga firimbi yake ya saa tano. Nilifikiri Mbombo, yuko chini ya kitanda sasa hivi, na viatu vyake vya mission ameshavivaa. Nilitaka kusimama. Nikamuomba Mama Mputu kahawa ingine.

— Imeisha, alisema. Munakunywa kama munalipwa.

Hapo njo mama mumoja akasimama mbele yetu. Alikuwa anatoka upande wa base, vumbi mpaka magoti. Mugongoni amefunga mutoto mwanamuke, lakini si mutoto wa kubeba. Miguu ilikuwa inaning'inia mpaka kwenye mapaja ya mama. Ule mutoto alikuwa ameziba masikio na mikono yake miwili. Komanda akamujua.

— Mama Bolingo. Bibi ya caporal.

— Mbote, papa, alisema. Naomba njia. Kwa infirmière wa batoto, ni wapi?

Kila muntu kwenye banki alijua njia. Ni kufuata ukuta, ni dakika kumi. Lakini Umba akaangalia saa yake. Mwisho Komanda akasema:

— Mama, rudia nyumbani. Ile fasi si muzuri. Anachoresha batoto nyumba, na picha anatuma inje.

— Alitumaka wapi?

— Angola, kwanza.

— Kuna benye kusema batumbula, Radio-Trottoir aliongeza, na sauti ya muntu mwenye hakusema yeye.

Mama Bolingo akamupandisha mutoto mugongoni, akakaza kitenge. Alikuwa amechoka, si hata kukasirika.

— Nimetembea tangu saa kumi na mbili, alisema. Nataka kujua kitu moja tu. Nani kati yenu alionaka hata picha moja?

Radio akamuangalia Komanda. Komanda akamuangalia Umba. Umba akaangalia ndani ya kilauri tupu. Asubuhi yote, vita ya tatu na nyama ya ba-baba, na kati yao hakuna macho mawili yalishaona karatasi moja.

Mukono yangu ilienda kwenye mufuko. Sijui niseme niliituma ama iliendaka yenyewe.

— Minyi, nilisema.

Nikaifungua juu ya goti. Wakainama bote, hata Mama Mputu na pepeo yake. Komanda akaigeuza kichwa chini, akairudisha, akatafuta hangar. Hakukuwa hangar. Kulikuwa nyumba, na mabati imechorwa na mistari ya kutetemeka. Ndani, kitanda. Chini ya kitanda, kamuntu kadogo. Pembeni ya kitanda, mwanamuke amelala chini juu ya sakafu, amenyoosha mukono mpaka kwa kale kamuntu. Na ukutani, kinga. Hiyo kinga alikuwa ameichora vizuri kuliko nyumba, na mnyororo, na rayons zote.

— Ni nani alichora? Umba aliuliza.

— Mbombo wangu.

— Si iko Kabongo?

— Hapana.

Mama Bolingo alikuwa anaangalia picha kupitia bega yangu. Mutoto wake akatoa mukono moja kwenye sikio ili aone na yeye.

— Na weye baba, alisema polepole, mu picha iko wapi?

Nilikuwa na juma muzima na ile karatasi. Niliifungua mara mingi, chooni, nyuma ya nyumba, na kila mara nililijua hilo swali na nikaikunja tena. Nikasimama, nikashika kinga yenye ilikuwa karibu, ya muntu wa kutengenezewa, nikairudisha kwenye ukuta. Ile siku ilikuwa ya kwenda kwa miguu.

— Ni kufuata huu ukuta, mama, nilimuambia. Lakini tupite kwanza kwangu, tuchukue mwenzake. Saa sita haijafika.

Tulipokuwa tumevuka reli, nikasikia nyuma Radio-Trottoir akianza tena, sauti chini.

— Muliona ile kinga? Kinga muzima, bila muntu juu. Hiyo haiwezi kuwa bure. Hiyo ni alama.

Miaka yote ya banki yetu, njo siku moja tu alisema kweli, na hakujua: ile kinga ni alama ya baba mwenye kukimbia. Sikugeuka. Mbele, Marceline alikuwa amesimama kwenye mulango ya lupango, ya uwanja wetu, amemushika Mbombo mukono, na mutoto aliniangalia vile banaangalia muntu mwenye kuchelewa sana.